Kutoboka kwa ozoni si chanzo cha ongezeko la joto duniani: futa sentensi hiyo kabla ya mtihani

Mleta mada, ifute leo ile sentensi ya katikati ya muhtasari wako inayosema kwamba joto la dunia linaongezeka kwa sababu tabaka la ozoni limetoboka na jua sasa linapita bila kizuizi. Umeuliza mada zipi uzipe uzito, miaka ya mikataba uikaririje na wiki zilizobaki uzigaweje, lakini ukiingia na sentensi hiyo kwenye chumba cha mtihani itakugharimu swali zima la insha, kwa kuwa sababu, athari na njia za udhibiti utakazozitaja baada yake zote zitakuwa za tatizo jingine.

Naijua ilikotoka. Niliikariri neno kwa neno kutoka kwenye notisi za mwalimu wa masomo ya ziada, na swali la ongezeko la joto lilipokuja nikajaza kurasa kuhusu majokofu na makopo ya kupulizia, nikaambulia alama chache mno. Kukosea si dhambi, na mwalimu naye ni binadamu. Kinachoniuma ni kwamba alionyeshwa kosa, akalipuuza, na notisi zile zile zinaendelea kunakiliwa na kuuzwa kwa wanafunzi wanaoziamini kuliko kitabu, kwa sababu tu ni fupi na zimepangwa vizuri.

Sasa fuatilia mambo haya mawili, moja baada ya jingine. Sehemu kubwa ya ozoni iko kwenye stratosfia, tabaka la angahewa lililo takriban kilomita 15 hadi 35 juu ya ardhi, na huko hufyonza miali ya urujuanimno, ile isiyoonekana na yenye madhara, inayotoka kwenye jua. Klorofluorokaboni, kemikali zilizotumika kwenye majokofu, viyoyozi na makopo ya kupulizia, hazivunjiki kirahisi huku chini, kwa hiyo hupanda taratibu hadi kule juu, ambako miali hiyo hiyo huzivunja na kuziachia atomi za klorini, na atomi moja huweza kuharibu maelfu ya molekuli za ozoni. Wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walilieleza hilo mwaka 1974, na mwaka 1985 watafiti wa Uingereza wakatangaza kwamba ozoni iliyo juu ya Antaktika ilikuwa ikipungua kwa kiwango cha kutisha. Athari zake ni zile zinazoletwa na miali ya urujuanimno inapofika ardhini kwa wingi: saratani ya ngozi, mtoto wa jicho, na madhara kwa mimea na kwa viumbe vidogo vya baharini. Ukiandika hapo kuyeyuka kwa barafu na kupanda kwa kina cha bahari, umeshahama swali.

Ongezeko la joto lina njia yake. Mwanga wa jua hupita kwenye angahewa, ardhi na bahari huufyonza, kisha nishati hiyo hurudi juu ikiwa mionzi ya infraredi, yaani mionzi ya joto isiyoonekana, na ni mionzi hiyo inayotoka chini ndiyo inayonaswa na hewa ya ukaa, methani na mvuke wa maji, halafu sehemu yake hurudishwa ardhini. Gesi hizo zinazonasa joto ndizo gesijoto, na bila zile za asili wastani wa joto kwenye uso wa dunia ungekuwa takriban nyuzi 18 za selsiasi chini ya sifuri badala ya nyuzi 15 juu ya sifuri, kwa hiyo usiandike kamwe kwamba gesijoto zenyewe ni uchafuzi. Tatizo ni ziada tunayoiongeza. Kabla ya zama za viwanda hewa ya ukaa ilikuwa takriban sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa, na sasa imepita 420, hasa kwa sababu ya kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, pamoja na kufyeka misitu.

Ozoni, basi, inazuia kinachoshuka kutoka juani, na gesijoto zinanasa kinachopanda kutoka ardhini. Mtego upo, na watunga mitihani wanaupenda: klorofluorokaboni ni gesijoto pia, kwa hiyo kemikali moja inaweza kutajwa katika majibu yote mawili, lakini kwa kazi mbili tofauti ambazo lazima uzitenganishe. Tena, ozoni inapopungua stratosfia yenyewe hupoa, kwa sababu kule kufyonza miali ndiko kunakoipasha joto. Laiti notisi zile zingekuwa na mstari huu mmoja tu!

Kanuni yangu ni hii, na ningependa uishike kuliko ratiba yoyote: usiandike kwamba kitu fulani husababisha kingine mpaka uweze kuandika kila hatua iliyo katikati yao. Ijaribu kwenye muhtasari wako uliposema kwamba mbolea husababisha samaki kufa. Mbolea haiwauwi kwa sumu. Mvua husomba naitreti na fosfeti, virutubisho vilivyomo kwenye mbolea, hadi ziwani, mwani hustawi na kufunika uso wa maji, mimea ya chini hukosa mwanga na kufa, mwani nao hufa, bakteria wanaoozesha mabaki hayo huongezeka na kuimaliza oksijeni iliyoyeyuka majini, na samaki hukosa pumzi. Wengi huruka bakteria, na alama huwa hapo hapo. Ukizielewa hatua hizo, hutababaishwa tena na kipimo cha mahitaji ya oksijeni ya kibayolojia, yaani kiasi cha oksijeni ambacho bakteria huhitaji kuozesha uchafu ulio majini, ambacho kikiwa kikubwa kinaonyesha kwamba maji ni machafu, si safi.

Fanya hivyo hivyo kwa zebaki ya Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956: taka za kiwanda ziliingia kwenye ghuba, viumbe vidogo vikaibeba zebaki, samaki wakavila, na kiwango kikazidi kupanda katika kila ngazi ya mnyororo wa chakula hadi kwa binadamu.

Mikataba nayo ipange kwa kichafuzi, si kwa mwaka. Montreal 1987 ni ozoni. Kyoto 1997 na Paris 2015 ni gesijoto. Basel 1989 ni usafirishaji wa taka hatari kuvuka mipaka. Minamata 2013 ni zebaki. Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016 yamo ndani ya Itifaki ya Montreal, lakini yanapunguza hidrofluorokaboni, kemikali zilizochukua nafasi ya klorofluorokaboni, ambazo haziharibu ozoni bali hupasha dunia joto. Ukiweza kueleza kwa nini yaliwekwa humo, mada ya ozoni umeimaliza.

Iandike upya sentensi yako ya joto, pamoja na hatua zote za katikati, uilete hapa niisome.