Batani haina habari na kloki yako

Wiki hii nimekaa maabara na vijana watatu wanaoanza FPGA (chipu ambayo saketi zake unazipanga mwenyewe kwa kodi), nikaona makosa yangu ya zamani yakirudi moja moja, utadhani nimewarithisha. Wadogo zangu nawapenda, lakini jamani.

1. Verilog, lugha ya kuelezea saketi, si C. Ile "for" haizunguki mara 64, inakutandikia saketi 64 ubavu kwa ubavu. Halafu mtu ananijia kulalamika chipu ni ndogo!

2. Pini za volti 3.3 usizipe volti 5. Anayebisha aje anuse droo yangu.

3. Onyo la latchi (saketi inayong'ang'ania thamani ya zamani bila wewe kuiomba) lisome. Kwenye saketi isiyo na kloki (yale mapigo yanayoiongoza saketi), kila "if" iwe na "else" yake.

4. Batani. Hapa kaeni kitako.

Nilikuwa mwaka wa mwisho, mradi wangu taa za barabarani: kijani, njano, nyekundu, na batani ya mtembea kwa miguu. Kloki ya 12 MHz. Kwenye simulesheni mawimbi yamenyooka kama yamechorwa kwa rula. Kwenye bodi nabonyeza, taa zinafuatana vizuri, ila mara moja moja zote tatu zinazima na mambo yanaganda mpaka nipige reseti. Nikailaumu batani. Nikaenda Kariakoo nikanunua nyingine. Nikabadilisha nyaya, nikabadilisha bredibodi, nikabandika kapasita, ikawa afadhali ya jana. Mwenzangu wa chumbani akaanza kusema nimerogwa, na saa nane ya usiku hoja yake ilikuwa na uzito.

Kumbe batani nilikuwa nimeipeleka moja kwa moja kwenye mashine ya hali (saketi inayokumbuka sasa ni zamu ya taa gani), na kifaa cha sinthesisi, kile kinachogeuza kodi kuwa saketi, kilikuwa kimeipa kila hali flipflopu yake, yaani kumbukumbu ya biti moja inayobadilika kloki inapogonga. Kloki inagonga kila baada ya nanosekunde 83. Kidole changu kitajuaje? Siku kikiangukia pale pale kloki inapogonga, flipflopu ya kijani inaona batani imebonyezwa, inazima. Ya njano, ambayo njia yake ndani ya chipu ni ndefu kidogo, inaona bado, haiwaki. Hapo hakuna hali hata moja iliyo hai, na hakuna wa kumwamsha mwenzake. "Kwani hukuweka default?" Niliweka, tawi la kodi la kushika hali yoyote isiyotarajiwa! Kifaa kilipiga hesabu kikaona hali hiyo haifikiki kamwe, kikaifuta kimya kimya. Na simulesheni haikunionya kwa sababu humo flipflopu zote zinaiona batani kwa wakati mmoja.

Dawa yake ni flipflopu mbili mfululizo kati ya batani na kila kitu kingine, na ni ile ya pili tu ndiyo isomwe. Mistari miwili ya kodi. Kutuliza mtetemo wa batani (bonyezo moja kusomeka kama mengi) kunakuja baada ya hapo.

Lakini hayo niliyajua nimeshachelewa. Siku ya kutetea mradi nilibonyeza mara tano, safi kabisa, nikaanza kujiamini, nikamwomba mwalimu mmoja wa jopo naye ajaribu. Akabonyeza. Giza. Akainua macho akaitazama feni ya dari inavyozunguka, akaniuliza kwa upole kabisa, "Umeme umekatika upande wako tu?"