Kaka anameza dawa vizuri, mbona mwili unakataa mapafu?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Ujiji, Kigoma. Kaka yetu mkubwa anaishi Toronto, Kanada, alipandikizwa mapafu miaka minne iliyopita akawa poa kabisa, sasa hivi akipanda ngazi tu pumzi inakata. Wameambiwa ni kukataliwa kwa muda mrefu, eti kinga yake imeanza kujishambulia yenyewe. Huku nyumbani baba mdogo anasema lazima aliacha dawa, shangazi anataka tumtumie mizizi ya kuongeza kinga. Kaka anaapa hajaruka dozi. Inakuwaje mwili ujishambulie wakati mapafu ni ya mtu mwingine?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na mfikishie kaka pole zangu. Kwa heshima zote kwa baba mdogo, mtu anaweza kumeza dawa kila siku kwa saa yake na bado ikamkuta, maana tatizo hili huwapata karibu nusu ya waliopandikizwa mapafu ndani ya miaka 5. Naomba sana msimlaumu.

Sasa hapo kwenye kujishambulia. Kwenye pafu kuna protini inaitwa kolajeni aina ya 5, unayo wewe, ninayo mimi, anayo kaka na alikuwa nayo aliyetoa mapafu, ni ile ile tu. Kwa kawaida imefichwa ndani ya kolajeni aina ya 1, kama uzi wa katikati ya kamba, kwa hiyo kinga haikutani nayo. Lakini pafu likitolewa likakaa bila damu halafu damu ikarudishwa, linaumia, na baadaye yanakuja mafua makali, nimonia, asidi ya tumbo inayopanda usiku na kuingia kwenye njia ya hewa, basi tishu zinachubuka na kolajeni ile inabaki wazi. Kinga ambayo tayari inapambana na pafu geni inaigeukia na yenyewe. Mwaka 2007 timu ya mtafiti William Burlingham wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, akiwemo David Wilkes wa Indiana, ilionyesha kwamba waliopandikizwa ambao seli T zao, yaani askari wa kinga, zinaishambulia kolajeni 5, kwa kutumia kemikali ya IL-17, ndio wenye hatari kubwa ya vijia vidogo vya hewa kujaa makovu na kuziba. Na kovu likishakaa halirudi nyuma, hilo ndo linaniuma kila nikisoma habari hizi.

Figo nazo hukataliwa, ila haziingiliwi na hewa, moshi na vijidudu kila ukivuta pumzi, mapafu yanaingiliwa.

Shangazi mwambieni ASITUME hiyo mizizi, tafadhali. Kaka anatumia dawa za kuituliza kinga, mkiipandisha mnazidisha vita, na mitishamba mingine inavuruga kiwango cha dawa kama takrolimasi kwenye damu. Hata balungi anakatazwa kwa sababu hiyo hiyo.

Mpigieni mumuulize mambo mawili: kiungulia anacho? Na kile kipimo cha kupuliza anakifanya? Hewa anayoipuliza sekunde ya kwanza ikishuka 20% chini ya kiwango chake bora na isipande tena, ndo dalili yenyewe. Wengine hupewa antibayotiki ya azithromaisini na pumzi ikatulia au hata kupanda kidogo, ila inategemea kuwahi, kwa hiyo hata mafua ya kawaida asiyanyamazie, awapigie madaktari wake siku hiyo hiyo.