Hesabu za shule zisikuzuie kusomea ufundi dawa sanifu

Ndugu yangu, umeuliza kama mtu aliyepata alama za chini za hisabati anaweza kuwa fundi dawa sanifu, yaani yule anayemsaidia mfamasia kuandaa na kutoa dawa. Anaweza, ila hesabu hutazikwepa. Nyingi ni za uwiano na vipimo tu, na zinazoeleka. Miligramu 1 ni mikrogramu 1,000. Ukizichanganya, mgonjwa anapewa dozi mara elfu. Nukta nayo ichunge: ikififia, 1.0 husomwa 10.

Kabla ya kulipa ada, hakikisha chuo kinatambuliwa na mamlaka inayosimamia taaluma ya famasi.

Mafunzoni, jizoeze kusoma lebo mara tatu: unapoitoa dawa rafuni, unapoihesabu, na kabla ya kumkabidhi mgonjwa. Hidralazini na hidroksizini majina yanakaribiana mno, lakini ya kwanza ni ya presha, ya pili ya mzio. Mimi huhesabu vidonge vitano vitano kwenye trei, kwa kijiko bapa, sivigusi kwa vidole. Na ukipata shaka, hata ndogo, muulize mfamasia papo hapo. Foleni ikinung'unika, iache inung'unike.