Ukifika Guangzhou, karatasi ya polisi kwanza

Juzi mdogo wangu mmoja wa Mwanza kaniandikia, "Shikamoo dada, nakuja Guangzhou, China, mwezi wa kumi kwenye Canton Fair, yale maonyesho makubwa ya biashara, ila nataka nibaki nijaribu maisha, kuna kaka atanipokea, nijiandae vipi?" Marahaba mdogo wangu. Nilianza kumjibu palepale nikaona jibu linarefuka, basi naandika huku wengine nao wasome, maana hayo maneno "kuna kaka atanipokea" yamenigusa kwenye kidonda.

Na mimi nilipokewa. Mwaka 2017, chumba kimoja Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wanakokaa Waafrika wengi, watu wanne, vitanda vya juu na chini. Mwenyeji wangu nilimwamini kwa sababu ni mtu wa nyumbani, mama yake na mama yangu wanajuana. Laini ya simu kasajili yeye, chakula anaagiza yeye, mtu akiniuliza kitu dukani mi namwangalia yeye. Siku ya pili nikamuuliza habari ya kuripoti polisi maana niliwasikia watu kwenye ndege wakiongelea, akasema achana nayo, hapa wote tunaishi hivihivi.

Sasa sheria ya China iko hivi, ukilala hotelini wao ndo wanakuandikisha, ila ukikaa kwa mtu au ukipanga, lazima uripoti kituo cha polisi cha mtaa huo ndani ya saa 24, na hapo ndo unapewa hiyo karatasi ya makazi. Usiporipoti faini inaweza kufika yuan 2,000.

Wiki ya tatu, saa tano usiku, tukagongewa. Mwenyeji katoka. Askari kijana tu, mpole, akafungua pasipoti yangu ukurasa mmoja mmoja mpaka mwisho, halafu akanigeuzia simu yake nisome tafsiri: karatasi yako ya makazi iko wapi? Nikampigia mwenyeji, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena na tena, mara saba. Baadae ndo nikajua alikuwa mgahawani hapohapo chini, kaliona gari la polisi akatulia na sahani yake. Faini niliilipa kwa hela ya mzigo, nikapunguza nusu ya viatu nilivyopanga kununua, na hiyo hela ilisharudi zamani. Ila zile simu saba, jamani, mpaka leo zinaniuma.

Kuanzia hapo nilijiapiza. Kichina nilijifunza kwa mama muuza mboga wa uchochoroni kwetu, kila asubuhi namuuliza bei hata kama sinunui, na alikuwa ananirudisha kwenye sauti mpaka nipatie, maana kwao kununua na kuuza ni "mai" zote mbili, tofauti ni sauti tu, ya kununua inazama kisha inainuka, ya kuuza inaporomoka. Ukikosea hapo mbele ya mwenye kiwanda umeshaharibu biashara. Leo naenda Foshan, mji wa jirani, peke yangu kuchukua vigae, nabishana bei mwenyewe, natanguliza asilimia 30 na salio halitoki mpaka nimekagua mzigo kwa macho yangu. Mwenye nyumba wangu mwezi wa tatu, kuta zikianza kutoa jasho na viatu vya ngozi kuota ukungu kabatini, ananipigia kunikumbusha nifunge madirisha. Ananipigia mimi, kwa Kichina, na tunaelewana.

Kwa hiyo ndugu zangu, mtu akupokee, akupikie, akuonyeshe njia, mshukuru sana. Lakini laini isajiliwe kwa pasipoti yako, anwani yako ya Kichina uwe nayo kwenye simu, na karatasi ya polisi ukaichukue mwenyewe. Ukihama chumba unaripoti upya, hata kama umehamia mlango wa pili. Na hilo la kubaki, soma visa yako, siku za kukaa zimeandikwa pale, ukizidisha ni yuan 500 kwa siku mpaka 10,000 na unaweza kurudishwa nyumbani. Na ninyi wenyeji mnaopokea wageni, muogopeni Mungu, mtoto wa watu kauza kiwanja kaja, usimwambie "achana nayo" kwa jambo ambalo litamkuta yeye.

Mdogo wangu, ukitua tu niandikie. Ntakusindikiza kituoni siku hiyohiyo kabla hujafungua begi, ila mi ntakaa nje kwenye benchi, ndani utaingia mwenyewe.