Kupima kasi ya mfumo bila kugusa msimbo wake

Ndugu, umeuliza jinsi ya kujua kwa nini mfumo wa SACCO yenu hapo Mbarara hukwama malipo ya simu yanapoongezeka, ilhali aliyeuandika kwa Java ameondoka na hakuna anayethubutu kuugusa msimbo. Inawezekana. Pakua ajenti ya Java ya OpenTelemetry (mradi huria wa zana za kupima mifumo), ambayo ni faili moja tu, uiongeze kwenye amri ya kuwashia mfumo kwa kigezo cha -javaagent. Ajenti hiyo hubadilisha baitikodi (msimbo uliokwisha kutafsiriwa ambao Java huuendesha) wakati inapopakiwa kwenye kumbukumbu, na hivyo hurekodi muda wa kila ombi la HTTP na kila ulizo la hifadhidata, huku faili zenu zikibaki zilivyo. Kwa vigeu vya mazingira, yaani mipangilio inayowekwa nje ya msimbo, jina la huduma huwekwa kwa OTEL_SERVICE_NAME, na anwani ya kupelekea takwimu kwa OTEL_EXPORTER_OTLP_ENDPOINT. Kwa maoni yangu, takwimu hizo zipokelewe na Jaeger, programu huria ya kuhifadhi na kuonyesha rekodi hizo, kwenye seva ya hapohapo ofisini, maana kuzituma ng'ambo kutamaliza bando bure. Fahamu pia kwamba ajenti haizijui hesabu zenu za ndani: muda ukipotea katika kukokotoa riba, utaona pengo tupu lisilo na maelezo, na hapo itabidi kuitajia ajenti majina ya sehemu za msimbo (methods) za kupimwa kwa OTEL_INSTRUMENTATION_METHODS_INCLUDE, au msimbo wenyewe ubadilishwe.