Tofauti za Mishahara Kazini: Ushauri kwa Wanaoanza Ajira

Mtumishi mpya huweza kukaa miezi kadhaa bila kujua wenzake wanalipwa kiasi gani, kisha siku moja, aghalabu mwisho wa mwezi mishahara ikishaingia benki, anasikia kwamba jirani yake wa meza, mwenye cheo kilekile na kazi ileile, anapokea zaidi yake. Nimefanya kazi kwa miaka mingi katika ofisi ya utumishi ya kampuni binafsi jijini Dar es Salaam, na kuandaa malipo ya kila mwezi kumenionyesha jinsi siku hiyo inavyoamua mambo mengi ya baadaye. Wapo wanaoacha kujituma tangu hapo, wapo wanaomnunia mwenzao ambaye hakuwakosea lolote, na wapo wanaouliza kwa utaratibu wakapata haki yao au angalau maelezo. Wewe unayeanza, kabla hujakasirika, jua kwanza tofauti hiyo imetokana na nini, kwa sababu tofauti yenye sababu halali na tofauti isiyo na sababu hazishughulikiwi kwa njia moja.

Anza na tarakimu yenyewe. Watu wanapotajiana mshahara, kwa kawaida hutaja kile kinachobaki mkononi baada ya makato, wala si mshahara wa msingi. Waliwahi kuja mezani kwangu wasaidizi wawili wa mhasibu, mmoja akiwa amekwazika kwelikweli kwa sababu mwenzake alikuwa anampita kwa zaidi ya shilingi 150,000 kila mwezi. Nikawaomba waweke hati zao za mshahara mezani, na wote wawili wakaridhia. Mshahara wa msingi ulikuwa mmoja, shilingi 900,000. Kila mmoja alikatwa asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, yaani 90,000, na kodi ya mapato ya shilingi 80,500 iliyokokotolewa kwenye 810,000 zilizosalia. Kwa yule wa pili hesabu iliishia hapo, akabaki na 729,500. Huyu mlalamikaji alikuwa mnufaika wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, hivyo alikatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ambayo ni 135,000, na kwa kuwa alikuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, alikatwa pia ada ya asilimia 2, shilingi 18,000. Akabaki na 576,500. Mwajiri alikuwa anawalipa sawasawa, na deni la mkopo lilikuwa na mwisho wake. Laiti wangeendelea kutajiana tarakimu za mkononi tu, urafiki wao ungevunjika kwa jambo ambalo halikuwepo.

Hata malipo ya kabla ya makato yanapotofautiana, bado kuna maswali ya kuuliza. Je, mwenzako analipwa posho ya zamu za usiku? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa za usiku zilipwe nyongeza isiyopungua asilimia 5, na saa za ziada zilipwe kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu ya kile cha kawaida, kwa hiyo mtu anayekubali zamu ambazo wewe unazikwepa atakupita kihalali kabisa. Je, mkataba wake ni wa kudumu au wa muda maalumu? Je, anakaimu nafasi ya mkuu wake? Katika utumishi wa umma, ambako ngazi za mishahara hupangwa kwa waraka na walimu huwekwa kwenye madaraja ya TGTS, yaani ngazi za mishahara ya walimu wa Serikali, kulingana na elimu na muda wao kazini, historia nayo ina sehemu yake. Upandishaji wa madaraja uliposimamishwa mwaka 2016 ili kupisha uhakiki wa watumishi, waliokuwa wamekwisha kupanda walibaki juu, na wenzao walioajiriwa nao pamoja wakabaki chini kwa miaka. Ndiyo maana baadaye Serikali ilianza kuwapandisha walioachwa nyuma kwa utaratibu ambao watumishi wanauita mserereko. Mwalimu kijana anayeingia leo katika chumba cha walimu na kukuta watu wa rika moja wakiwa kwenye madaraja tofauti asidhani kwamba kuna aliyependelewa, ingawa walioumizwa na kusubiri huko wana kila sababu ya kufuatilia stahiki zao.

Kwa sekta binafsi, chanzo kikubwa cha tofauti ni mshahara wa kuanzia, na hili ndilo ninalotamani kila kijana alijue kabla hajasaini mkataba. Mwajiri anapokuuliza unatarajia kulipwa kiasi gani, jibu lako linaweza kukufuata kwa muda mrefu sana, kwa kuwa nyongeza za kila mwaka mara nyingi hutolewa kwa asilimia. Chukua watu wawili wa kazi moja, mmoja akianza na shilingi 800,000 na mwingine 1,000,000, kisha wote wakapewa nyongeza ya asilimia 5 kila mwaka. Mwaka wa kwanza pengo linapanda kutoka 200,000 hadi 210,000, na baada ya nyongeza ya kumi linapita 325,000, bila yeyote kufanya kazi zaidi ya mwenzake. Usione haya kusema kwamba ungependa kujua kiwango kilichotengwa kwa nafasi hiyo kabla hujataja chako. Waulize pia waliokwisha kufanya kazi ya namna hiyo katika makampuni mengine, na uangalie kama sehemu hiyo ya kazi ina mkataba wa hali bora uliofungwa kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, kwa sababu humo viwango huwa vimeandikwa.

Mashirika yanayoendeshwa kwa fedha za miradi yana mambo yake. Maofisa wawili wenye cheo kimoja wanaweza kulipwa na wafadhili wawili tofauti, kila mradi ukiwa na bajeti yake iliyopitishwa kabla ya wao kuajiriwa. Mradi unaolipa vizuri zaidi unaweza pia kufungwa mapema, na anayelipwa kidogo akabaki kazini wakati mwenzake anatafuta kazi upya. Ukikutana na hali hiyo, swali la maana zaidi ni tarehe ya mwisho ya mkataba wako.

Tofauti ikishindikana kuelezeka kwa mambo hayo yote, basi hapo una hoja. Kifungu cha 7 cha sheria niliyoitaja kinakataza ubaguzi kazini, ukiwemo wa jinsia, kabila, dini, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu na umri, na kinamtaka mwajiri achukue hatua za makusudi ili wanaume na wanawake walipwe sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Tazama vizuri maneno hayo: sheria inazungumzia thamani ya kazi, kwa hiyo mwajiri hawezi kujiokoa kwa kubadilisha jina la cheo tu. Aidha, mfanyakazi akishaonyesha kwa ushahidi wa awali kwamba kuna ubaguzi, ni jukumu la mwajiri kuthibitisha kwamba haukuwepo. Tanzania iliridhia mwaka 2002 Mkataba Namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu malipo sawa, hivyo anayedai haki hii haombi hisani.

Namna ya kudai ndiyo huwashinda wengi. Usiingie ofisini kwa mkuu wako siku uliyosikia habari, na usianze maneno yako kwa jina la mwenzako. Ukisema fulani analipwa kiasi fulani, mazungumzo yote yatageuka kuwa uchunguzi wa nani alikuambia, na aliyekuonyesha hati yake kwa nia njema anaweza kupata matatizo, hasa pale ambapo mkataba una kifungu cha usiri wa malipo. Kisome kifungu hicho katika mkataba wako kabla hujazungumza na yeyote. Kuuliza mshahara wako mwenyewe umekokotolewaje ni jambo jingine kabisa, na unayo haki hiyo, kwa kuwa sheria inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi yako pamoja na mshahara na namna unavyokokotolewa. Picha ya karatasi ya malipo iliyopigwa kwa siri na mtu wa ofisi ya uhasibu usiipokee kabisa, maana anayeitoa anahatarisha kazi yake na wewe huwezi kuitumia popote.

Nilimshuhudia mtunza stoo mmoja, mwanamke mwenye uzoefu, aliyegundua kwamba mwanamume aliyeajiriwa baada yake kwa kazi ileile alianzishwa juu yake. Aliandika barua ya ukurasa mmoja, kupitia kwa mkuu wa idara, yenye kichwa cha habari YAH: MAOMBI YA KUPITIWA UPYA MSHAHARA. Ndani aliorodhesha majukumu aliyoajiriwa nayo, majukumu yaliyoongezwa tangu hapo, na ukaguzi wa mali alioupita bila upungufu, kisha akaomba aelezwe ngazi ya mshahara ya nafasi yake na vigezo vinavyotumika kumpanga mtu katika ngazi hiyo. Hakumtaja mwenzake hata mara moja. Uongozi ulipojaribu kuandika jibu ulikuta hauna kigezo chochote cha kuandika, na mshahara wake ukarekebishwa. Barua zenye maneno makali zaidi ya hapo nilizipokea nyingi, na nyingi kati yake zilijibiwa kwa ukali uleule bila kubadilisha kitu.

Tunza nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na uandike tarehe ya jibu. Likiwa la kukataa bila sababu, mwone kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi, na ikibidi upeleke mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako migogoro isiyo ya kuachishwa kazi hupaswa kufikishwa ndani ya siku 60 tangu ilipotokea. Mtumishi wa umma hupitia kwanza taratibu za Sheria ya Utumishi wa Umma. Wapo wanaopoteza haki zao kwa sababu tu walisubiri ahadi za mdomo hadi siku hizo zikapita.

Pengine wewe ndiye utakayegundua kwamba unalipwa zaidi. Hukutenda kosa, wala huna haja ya kujitetea, lakini usikae kimya mwenzako anapokuuliza afanye nini. Mweleze ulivyojadiliana ulipoajiriwa, cheti gani kilikuongezea daraja, na nafasi yako ilitangazwa kwa kiwango gani ikiwa tangazo lilikuwa wazi. Maelezo hayo hayavunji siri ya mtu, na huenda ndiyo yatakayomsaidia kuandika barua yake vizuri.