Mwalimu Ukitaka Kujitegemea: Maswali Yenu ya Sheria na Majibu

Safari hii nimekusanya maswali ya walimu wanaotaka kufundisha kwa jina lao wenyewe: tuisheni, kozi za mtandaoni, vituo vidogo vya masomo ya ziada. Sheria hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo kabla ya kutia saini jambo zito mwone wakili wa huko uliko. Lakini maswali yanafanana mno, na ugomvi mwingi huanzia kwenye jambo ambalo watu walikubaliana kwa mdomo tu.

Bado nimeajiriwa. Naruhusiwa kuwafundisha wanafunzi wangu jioni kwa malipo?

Mwalimu, kabla hujaenda kwa msajili wa biashara, toa mkataba wako wa ajira kabatini uusome mstari kwa mstari. Tafuta kifungu cha kazi za nje, kile cha mgongano wa maslahi, na kile kinachokuzuia kuwachukua wanafunzi wa mwajiri ukishaondoka. Shule nyingine huruhusu kwa kibali cha maandishi, nyingine hukataza kabisa. Ukiwa mtumishi wa umma, kanuni za maadili ya utumishi nazo zinakuhusu. Tena zipo nchi ambako sheria yenyewe imeingilia kati: Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza tuisheni ya likizo, na China mwezi Julai 2021 ilizuia masomo makuu ya elimu ya lazima yasifundishwe na vituo vya tuisheni kwa faida.

Kinachonitia wasiwasi zaidi katika swali lako ni hilo neno "wangu". Kama ni watoto wale wale unaowasahihishia mitihani mchana, achana na mpango huo hata kama mkataba umenyamaza. Mzazi akilipa jioni, na mtoto akapanda nafasi mwisho wa muhula, utajiteteaje? Na yule ambaye hakulipa akafeli? Tafuta wanafunzi wa shule nyingine, au wa ngazi usiyoifundisha. Kisha mwandikie mkuu wa shule barua fupi: utafundisha nini, siku gani, wapi, na kwamba hutatumia vifaa vya shule. Omba jibu la maandishi. "Hakuna shida, mwalimu" ya kuambiwa koridoni haina nguvu siku mkuu mpya atakapofika.

Maandalio ya masomo na mazoezi niliyotunga miaka yote shuleni ni mali yangu?

Hapa wengi hupigwa na butwaa. Chini ya sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1988, kazi iliyoandikwa na mwajiriwa katika kutekeleza ajira yake huwa ya mwajiri tangu mwanzo, isipokuwa kama wamekubaliana vingine. Marekani ina kanuni ya aina hiyo, na nchi nyingine nyingi pia. Kwamba uliandika usiku, nyumbani kwako, hakukuokoi peke yake. Kinachoulizwa ni kama hiyo ndiyo kazi uliyoajiriwa kuifanya. Mtihani wa ndani uliotunga kwa agizo la mkuu wa idara hauna ubishi mkubwa. Kitabu cha hadithi alichotunga mwalimu wa fizikia kwa muda wake ni habari nyingine kabisa.

Hata hivyo usikate tamaa. Hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa, hailindi wazo wala mbinu. Mkataba wa kimataifa wa TRIPS wa mwaka 1994, unaohusu hakimiliki na haki nyingine za ubunifu katika biashara, umeliweka hilo wazi. Ile njia yako ya kuwafafanulia watoto sehemu za desimali mpaka wakaelewa, unaondoka nayo. Funga mafaili ya zamani, uanze ukurasa mweupe: mifano mipya, maswali mapya, kwenye kompyuta yako na akaunti yako ya barua pepe, na matoleo ya awali uyahifadhi yakiwa na tarehe.

Usichoruhusiwa hata kidogo ni kunakili orodha ya wazazi na namba zao za simu. Mzazi aliipa shule namba hiyo kwa shughuli za shule. Ukiitumia kutangaza biashara yako, umegusa siri ya mwajiri na taarifa binafsi za watu kwa mpigo mmoja.

Nisajili kampuni, au nianze mwenyewe tu?

Ukifanya biashara kwa jina lako bila kampuni, sheria haioni tofauti kati yako na biashara: deni la biashara ni deni lako. Kampuni yenye dhima yenye kikomo ni mtu mwingine mbele ya sheria, mwenye madeni yake mwenyewe, msimamo ambao mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliuweka katika kesi ya Salomon mwaka 1897 na ambao umefuatwa sehemu nyingi za dunia. Gharama yake ni makaratasi: hesabu za kila mwaka, taarifa kwa msajili, mara nyingi na mhasibu wa kulipwa.

Ila kampuni si kinga ya kila kitu. Mwenye nyumba au benki akikudai dhamana yako binafsi, umerudi palepale. Na mtoto akiumia kwa uzembe wako mwenyewe, unaweza kushtakiwa wewe pamoja na kampuni yako. Kwa maoni yangu, mwalimu mwenye wanafunzi wachache asiye na mkopo wala mfanyakazi hahitaji kukimbilia kampuni. Anahitaji bima ya dhima (ile inayokulipia fidia ukidaiwa kwa madhara) mapema zaidi, akaunti ya benki iliyotengwa na ya nyumbani, na risiti kwa kila malipo. Kodi huanza kuhesabiwa unapoanza kupata kipato. Kuchelewa kusajili hakukuondolei wajibu huo.

Naweza kutoa nakala za vitabu na mitihani ya zamani kwa ajili ya wanafunzi wangu?

Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki uliotiwa saini mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa, unaruhusu nchi ziweke nafasi ya kutumia kazi za wengine kama mfano wa kufundishia, ilimradi matumizi yawe ya haki. Nchi nyingi zimeweka nafasi hiyo, lakini huwa finyu, na mara nyingine inazihusu taasisi za elimu zinazotambuliwa, si biashara yako. Kusoma aya moja na wanafunzi na kuichambua, sawa. Kutoa nakala ya sura nzima na kuiuza ndani ya ada, hapana. Mitihani ya taifa nayo ina mwenyewe: omba ruhusa kwa baraza husika. Kwenye mtandao, angalia leseni. Kazi za Creative Commons (leseni ambazo mtunzi hutumia kuruhusu wengine watumie kazi yake kwa masharti) zenye alama NC, yaani si kwa biashara, haziruhusiwi kwa matumizi ya kibiashara, na kufundisha kwa ada kunaweza kuingia humo.

Mzazi anaghairi kipindi dakika za mwisho kisha anagoma kulipa. Nina haki gani?

Una haki ile mliyokubaliana, basi. Kama hamkuandika kitu, mtabishana. Kwa wanafunzi wapya, weka karatasi moja isainiwe kabla ya kipindi cha kwanza. Kifungu cha kughairi kinaweza kusomeka hivi: "Mzazi akighairi kipindi chini ya saa 24 kabla ya kuanza, ada ya kipindi hicho italipwa yote, isipokuwa kwa ugonjwa au msiba. Mwalimu akighairi, atafidia kipindi ndani ya siku 14 au kurudisha ada." Sehemu ya pili ni muhimu kama ya kwanza, maana sheria za kumlinda mlaji katika nchi nyingi hukataa masharti yanayombana mteja peke yake. Halafu usiahidi alama. Andika kwamba utafundisha. Usiandike kwamba mtoto atafaulu.

Kwa yule unayemdai sasa hivi, tuma ankara yenye tarehe za vipindi na ujumbe wa heshima. Usimtaje kwenye kundi la wazazi. Utakuwa umempa yeye sababu ya kukushtaki.

Nataka kuweka picha za wanafunzi na matokeo yao kwenye ukurasa wangu wa biashara.

Pata ridhaa ya mzazi kwa maandishi, na itaje picha ipi, itawekwa wapi, na kwamba anaweza kuiondoa ridhaa hiyo. Ridhaa isiwe sharti la kumpokea mtoto. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika 2018, sheria ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 zote zinahesabu taarifa binafsi kuwa kitu cha kulindwa, na watoto wanapewa uangalizi wa ziada. Nimeona tangazo lenye picha ya ripoti ya muhula: jina limefichwa kwa kibandiko, lakini namba ya mtihani na jina la shule vinasomeka vizuri kabisa pembeni. Huo si usiri.

Nimempata mwalimu msaidizi. Nimwite mkandarasi ili nikwepe mambo ya ajira?

Unaweza kumwita unavyotaka. Mahakama hutazama hali halisi. Kama wewe ndiye unayempangia saa, mahali na namna ya kufundisha, na hafanyi kazi kwa mwingine, anaweza kuhesabiwa mwajiriwa, na makato yote yakakugeukia wewe. Na kama kweli ni mkandarasi, kumbuka upande wa pili: kozi anayokuandikia huenda ikabaki yake. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mchongaji aliyetengeneza sanamu kwa oda ya shirika moja hakuwa mwajiriwa wake, kwa hiyo kulipia kazi hakukulifanya shirika kuwa mmiliki wa hakimiliki moja kwa moja. Weka kifungu cha kukuhamishia hakimiliki, kisainiwe kabla hajaanza kuandika.

Na kabla hajakutana na mtoto hata mmoja, hakikisha vyeti vyake, piga simu alikofanya kazi awali, na omba uthibitisho wa polisi au chombo kinachohusika. Kwa kazi ya watoto usimruke mtu yeyote, hata ndugu yako.